Lita Nne kwa Siku, na Choo Kiko Wapi?

Lita nne za maji kwa siku hazimshindi mtu mwenye figo nzima. Nimezinywa, najua. Kinachoshinda, hasa ukiwa mwanamke na riziki yako iko barabarani kama yangu hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni kuyapata hayo maji yakiwa salama na kupata pa kwenda yakishapita. Wanaohimiza watu wanywe maji mengi huonyesha chupa na ngozi inayong'aa. Choo hakionekani kwenye picha zao, wala sigiri, lile jiko la makaa la kuchemshia maji, na mimi nimeona kwamba hayo mawili ndiyo yanayoamua mtu anywe kiasi gani.

Nilizinywa kwa sababu ya shindano la kunywa maji, na shindano lenyewe lilikuja kupitia kundi letu la WhatsApp, kundi la wanawake wa ukoo mmoja waliotawanyika kuanzia Bombo hadi Arua, Jinja na huku mpakani. Binamu yangu wa Kampala ndiye aliyeleta masharti: kila mmoja anywe galoni moja kwa siku mwezi mzima, na jioni atume picha ya chupa tupu. Galoni hiyo ni ya Kimarekani, kama lita 3.8. Tukaijazia ikawa nne, maana huku tunapima kwa jerikani na chupa za lita mbili, hakuna mwenye galoni nyumbani.

Niliingia kwa moyo wote, na sababu ninayo. Dada yangu mkubwa alikuwa ametoka kuugua jiwe kwenye figo. Nililala naye hospitali usiku ambao hakuweza kukaa wala kulala. Alikizunguka kitanda ameshika ubavu, jasho linamtoka, akimwita mama yetu ambaye alishatangulia mbele ya haki. Alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, daktari alimwambia anywe maji mpaka mkojo wake uwe mweupe kila siku, asingoje kiu. Agizo hilo lina msingi. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliopata jiwe la figo kwa mara ya kwanza. Walioambiwa wanywe mpaka watoe angalau lita mbili za mkojo kwa siku, jiwe liliwarudia 12 katika kila 100. Walioachwa wanywe walivyozoea, liliwarudia 27 katika kila 100. Mimi niliyeushika mkono wake usiku ule, tofauti hiyo sitaiita ndogo.

Lakini agizo la daktari lilikuwa la mtu mmoja mwenye ugonjwa unaojulikana. Hizo lita nne za watu wote zilitoka wapi? Nilisoma sana kabla sijamwambia shangazi yeyote anywe. Huko Marekani, mwaka 1945, bodi ya chakula na lishe iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 za maji kwa siku, kisha ikaongeza palepale kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari ndani ya vyakula. Wengi wanaamini ndiko zilikotoka zile glasi nane za kila siku, baada ya watu kushika maneno ya mwanzo na kuyaacha yaliyofuata. Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa Chuo cha Dartmouth, alipekua ushahidi wa glasi nane na mwaka 2002 akachapisha kwamba hakuupata. Na glasi nane hazifiki hata lita mbili. Mwaka 2004 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitaja lita 2.7 kwa mwanamke na 3.7 kwa mwanamume, ikihesabu kila kitu: maji, chai, maziwa, supu, na yale yaliyomo ndani ya chakula, ambayo ni kama sehemu moja ya tano.

Ukila katogo asubuhi, yaani ndizi zilizochanganywa na mboga au nyama, na mchuzi wake, ukanywa chai ya maziwa vikombe viwili, mchana matoke yaliyofukizwa na supu ya maharagwe, jioni ukakata nanasi, maji umeshakunywa mengi bila kugusa chupa. Kwa hiyo lita nne za maji matupu juu ya hayo yote zinapita kipimo cha mwanamke kwa mbali. Niliyaweka haya kwenye kundi siku ya kwanza. Wengi walisema tujaribu kwanza. Nami nilitaka kujua mwenyewe.

Basi tuanze na sigiri. Maji ya huku hayanywewi hivi hivi. Yawe ya bomba, ya kisima cha pampu au ya mvua, kwanza yachemke, maana homa ya matumbo tunaijua kwa majina ya ndugu zetu walioiugua. Nyumbani kwangu tunachemsha jioni, wakati makaa yaliyopikia chakula bado yana moto. Sufuria yangu kubwa inabeba lita sita hivi. Yakianza kutoa mapovu madogo pembeni bado; unangoja mpaka yatokote katikati, mfuniko uchezecheze, uyaache kidogo, ndipo uepue. Yanalala yamefunikwa. Asubuhi utaona chini ya sufuria vumbi jeupe laini limetuama, kama ni ya kisima. Unayamimina polepole kupitia kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili, unaacha kile kikombe cha mwisho chenye vumbi, mengine yanaingia mtungini. Mtungi wa udongo bado naupenda kuliko chombo chochote. Unatoa jasho kwa nje, na jasho hilo likikauka linaondoka na joto la maji ya ndani, kwa hiyo hata Februari, wakati bati la nyumba halishikiki, maji yake yanashuka kooni yakiwa baridi bila friji.

Sasa zidisha. Mtu mmoja lita nne. Nyumba yetu tuko sita. Hizo ni lita 24 za kunywa peke yake, zaidi ya jerikani nzima ya njano, zikachotwe, zibebwe, zichemshwe, zipoe, kila siku. Shirika la Afya Duniani linaposema maji ya msingi kabisa kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa, kupika na usafi wa lazima, linataja kama lita 20. Kuna nyumba hapa mtaani ambazo hata hizo 20 hazizioni bomba likikauka. Ukimwambia mama wa nyumba hiyo atoe moja ya tano ya maji yake kwa ajili ya shindano, na makaa juu yake, umemwomba kitu kikubwa. Maji ya chupa usiyataje: nusu lita shilingi 1,000 za Uganda, lita nne shilingi 8,000, na hiyo ni pesa ya chakula cha nyumba.

Mimi niliweza, kwa sababu nina mshahara. Nilibeba chupa mbili za lita mbili kazini kila asubuhi nikaziweka chini ya meza.

Kazi yangu ni kufuatilia hati za mizigo. Malori yanatoka Mombasa yanakwenda Kampala, Kigali, Juba, na siku yangu nzima ni kutembea kati ya ofisi, yadi na foleni ya trela nikiwa na faili kwapani. Choo cha karibu ni cha kulipia, shilingi 500, kiko upande wa pili wa yadi, na katikati kuna malori yanayorudi nyuma bila kukutazama. Mtu anayekunywa lita nne huenda haja ndogo mara nane, hata kumi, kwa siku. Piga hesabu ya 500 hizo uone: mpaka jioni umeshaimaliza bei ya sahani ya posho, yaani ugali, na maharagwe. Na bado hujahesabu dereva anayekusubiri, simu inayolia, na mtu wa forodha aliyekuambia usiondoke hapa. Wiki ya kwanza nilijifunza kubana, na kubana kulinichosha kuliko kiu ilivyowahi kunichosha.

Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza wenzangu. Yupo mama anayekaanga roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, kwenye kona ya yadi, mbele ya jiko la moto tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wapo wanaouza ndizi kwa malori, wanaobadilisha fedha, wasichana wanaovuka na trei za mayai kichwani. Nilimuuliza mama wa roleksi anakunywa maji saa ngapi.

"Mimi?" akasema, huku akigeuza chapati. "Nikifika nyumbani, mwanangu. Hapa nalowesha mdomo tu."

Nilipowauliza wengine walijibu vivyo hivyo, na walijibu haraka, bila kufikiri, jinsi mtu anavyojibu jambo alilokwisha kulipanga zamani. Wanawake wa mpakani wanajikausha kwa makusudi. Wanajua ni saa ngapi wataona choo chenye mlango unaofungwa, wanahesabu nyuma kutoka hapo, na hesabu hiyo ndiyo inayowapa ruhusa ya kunywa. Wakiwa kwenye hedhi hesabu inakuwa ngumu zaidi. Wala si jambo la Malaba peke yake. Muulize mwalimu wa kike wa shule yenye vyoo vibovu, muulize mwanamke anayepanda basi la usiku kwenda Arua, muulize muuza nguo aliyetandaza mkeka wake pembeni ya barabara Kampala.

Na mwili unalipa. Mama wa roleksi aliniambia bila kuona haya kwamba kila baada ya miezi michache anapata ule ugonjwa wa mkojo kuchoma, ananunua vidonge dukani, unapoa, unarudi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 wenye tatizo hilohilo la kuugua mara kwa mara, waliokuwa wanakunywa maji kidogo. Nusu waliongezewa lita 1.5 kwa siku juu ya walizozoea. Kwa mwaka mmoja hao waliugua mara 1.7 kwa wastani, wenzao mara 3.2. Lita moja na nusu tu, na ugonjwa ukapungua karibu nusu, na dawa za kuua bakteria zikapungua nazo. Ninaposikia watu wanashindania lita nne kwa ajili ya ngozi, namkumbuka mama huyu ambaye lita moja na nusu ingemtosha, na hanywi kwa sababu ya choo.

Madereva nao wana yao. Mwanamume anaweza kujificha nyuma ya tairi, ni kweli, lakini foleni ikianza kusogea hawezi kuiacha gari, na mwenye mzigo wa thamani haiachi kabisa. Januari 2022, wakati wa vipimo vya korona, malori yalisimama hapa kwa kilomita nyingi, watu wakalala kwenye kebini siku kadhaa. Nilimpa chupa yangu dereva mmoja mtu mzima, anayekwenda Juba, tanboi wake, yaani msaidizi wake wa garini, alikuwa anaumwa wamemwacha njiani. Akanirudishia bado imejaa.

"Dada, nikinywa hii, gari nitamwachia nani?"

Kebini ilikuwa na joto la kutisha. Watu kama yeye ndio wanaohitaji maji mengi kweli. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu 5,604 kutoka nchi 23, watafiti wakapima maji yanayoingia na kutoka mwilini, na ikaonekana kiasi hicho kinatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Joto linakipandisha, kazi ya mikono inakipandisha, mimba inakipandisha, na watu wa nchi maskini walikuwa na kiwango cha juu. Yaani anayekaa ofisini penye kiyoyozi akishindana na wenzake kwa chupa anaweza kuwa ana maji ya kutosha tangu asubuhi, na mbeba mizigo aliyeko nje ya dirisha lake ndiye mwenye deni. Amerika ya Kati wakata miwa wengi vijana wamekuwa wakiharibika figo, na watafiti wanahusisha jambo hilo na kazi nzito kwenye jua kali, mwili ukipungukiwa na maji siku baada ya siku. Kila nikipita Iganga kuelekea Jinja nikaona vijana wetu katikati ya miwa saa saba mchana, nawaza wananywea wapi.

Mwili wangu ulifanyaje? Nitasema nilichokiona. Ngozi haikubadilika. Kichwa kilichokuwa kinanigonga saa tisa alasiri kiliacha, na kiliacha mapema, nilipokuwa nimefika lita mbili hivi. Lita zilizofuata hazikuongeza kitu. Usingizi ulikatika, naamka mara tatu usiku. Uzito ulibaki palepale. Kiu nayo ni mlinzi mzuri kuliko tunavyoambiwa: damu ikizidi kukolea kidogo tu, ubongo unahisi, unakutia kiu na kuzifungia figo bomba, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, mwenye maji karibu na choo karibu, anaweza kuitegemea siku nyingi. Wazee sana kiu yao hupungua, hao wakumbushwe.

Katikati ya mwezi mambo mawili yalinishtua kwenye kundi. La kwanza, shangazi yetu wa Arua alituma picha ya chupa tupu akiwa na furaha tele. Shangazi ana moyo uliopanuka, anakunywa vidonge vya kutoa maji mwilini. Nilimpigia papo hapo. "Shangazi, naomba uache leo hii. Daktari wako alikupimia maji, fuata yake." Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Alikwenda kliniki kesho yake, akashukuru Mungu, nami nikashukuru. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizochoka hawekwi kwenye shindano la maji, na kabla ya kumwalika mtu yeyote lazima aulizwe.

La pili, binti mmoja mdogo alikuwa anasahau mchana kutwa, halafu saa nne usiku anakunywa lita mbili kwa mkupuo ili awahi picha. Hili linaua. Figo zinaweza kutoa kama lita moja kwa saa, pengine pungufu. Ukiingiza kwa kasi kuliko hiyo, maji yanabaki, sodiamu ya damu, ambayo ni chumvi yake, inapungua nguvu kama chumvi ya mchuzi uliotiwa maji. Kawaida ni kati ya 135 na 145 kwa kipimo cha maabara. Ikishuka sana seli za ubongo zinavimba, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, anaweza kushikwa na degedege na kufa. Januari 2007 kituo kimoja cha redio cha Sacramento, Marekani, kiliwashindanisha wasikilizaji wanywe maji bila kwenda haja ndogo ili washinde mashine ya michezo. Mama wa watoto watatu alifariki siku hiyohiyo. Na kwenye marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, 13 katika kila 100 sodiamu yao ilikuwa 135 au chini yake, hasa wale waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito mbioni. Nilimwandikia binti yule haya yote, nikampigia na mama yake.

Bibi yetu wa Bombo alitulea tukinywa maji tumekaa, kwa mafunda matatu, tunapumua katikati, kama ilivyo sunna. Ramadhani alikuwa anaweka kata karibu na mkeka tangu futari mpaka daku, kila anayepita anakunywa kidogo. Aliyefunga siku nzima hana haja ya kujaza tumbo mara moja. Utaratibu wake unatosha, nami niliurudisha nyumbani kwangu.

Mwezi ulipoisha tuliketi, kwa simu, tukabadili masharti. Picha za chupa zimefutwa, na lita nne zimefutwa. Kila mmoja anatazama rangi ya mkojo wake: ukiwa wa manjano hafifu yuko sawa, ukiwa wa kahawia anywe. Mwenye ugonjwa anafuata daktari wake. Mimi nimetulia kwenye lita mbili au mbili na nusu siku za jua, dada yangu anakunywa tatu kwa agizo lake.

Hapa yadi tulifanya kubwa zaidi. Nilikwenda na mama wa roleksi na wauza ndizi wawili kwa mwenye nyumba jirani, ambaye ana choo kizuri cha shimo chenye mlango na sakafu ya saruji, na kilikuwa kinafungwa mchana kutwa. Tukakubaliana: kila mwanamke wa hapa yadi anachanga kidogo kwa mwezi, pesa zinamlipa msichana wa kusafisha, zinanunua sabuni na jerikani ya maji ya kunawa. Ufunguo unatundikwa kwenye msumari wa kibanda cha roleksi. Hata mimi nautumia. Mama wa roleksi siku hizi ana chupa yake ya lita moja na nusu chini ya meza ya unga, na kufikia saa nane mchana inakuwa imekwisha.

Madereva bado. Tumezungumza na wenye yadi wawili kuhusu kuweka choo upande wa foleni, ambapo mtu anaweza kuona gari lake akiwa mlangoni. Mmoja anasema nafasi ipo na pesa hakuna. Mwingine ameomba tumletee makadirio ya fundi, na fundi anakuja Jumatatu.